Komu ni nini, na kwa nini krokasi ya vuli hutoa ua kabla ya majani

Komu ni shina. Hilo ndilo jambo la kushika kwanza, kwa sababu mtu anayekabidhiwa komu ya krokasi, mmea mdogo wa maua ulio ukoo mmoja na zafarani, kwa mara ya kwanza, ikiwa kavu, bapa upande wa chini, imefunikwa na nyuzi za kahawia na haizidi sana ukubwa wa korosho yenye ganda, huiita mbegu, au kitunguu, au kiazi, na kila jina kati ya hayo humpeleka kwenye utunzaji usiofaa.

Kata kitunguu maji katikati, utaona matabaka: ni majani manene yaliyokumbatiana na kubeba akiba ya chakula. Kata komu, utakuta nyama moja nyeupe na ngumu, isiyo na tabaka lolote, kama ya gimbi lililomenywa. Na gimbi lenyewe ni komu, kwa hiyo wanaolima magimbi kandokando ya maji katika mabonde ya Lindi na Mtwara wamekuwa wakipanda komu miaka yote bila kulihitaji neno hili. Tangawizi na manjano nayo ni mashina ya chini ya ardhi, lakini hayo hutambaa kwa ulalo, ilhali komu husimama wima, fupi na nene, ikiwa na chipukizi juu na mizizi chini. Kiazi kitamu si shina kabisa, ni mzizi.

Krokasi ni jenasi ya mimea midogo yenye spishi zaidi ya 100, inayoota porini kuanzia Ureno na Moroko hadi magharibi ya China, na Uturuki ni miongoni mwa nchi zenye spishi nyingi zaidi. Msomaji wa pwani anaijua mmoja wao kwa harufu kabla ya kuijua kwa sura, yaani zafarani, Crocus sativus. Nyuzi nyekundu tunazozitia kwenye biriani ni ncha tatu za sehemu ya kike ya ua hilo, nazo huchumwa kwa mkono ua kwa ua, hata gramu moja ya zafarani kavu ikahitaji maua yapatayo 150. Zafarani haizai mbegu. Ina seti tatu za kromosomu badala ya mbili, hivyo ni tasa, na uchunguzi wa vinasaba uliochapishwa mwaka 2019 ulionyesha kwamba asili yake ni krokasi ya porini ya Attica, eneo la Athens nchini Ugiriki. Maana yake ni kwamba kila komu ya zafarani iliyopo duniani leo imetokana na komu iliyogawanywa na mkono wa mtu, naye aliipata kwa mwingine, kurudi nyuma kwa maelfu ya miaka. Mimi sijui mmea mwingine wa jikoni unaonigusa kama huu.

Zafarani ni krokasi ya vuli, na neno hilo linahitaji maelezo. Kamusi hutafsiri majira ya Ulaya ya kupukutika kwa majani, Septemba hadi Novemba, kuwa vuli, ingawa kwa mtu wa pwani ya kaskazini ya Tanzania vuli ni mvua fupi za mwisho wa mwaka, na huku kusini, ambako mvua ni za msimu mmoja kuanzia karibu Novemba au Desemba hadi Aprili au Mei, vuli kama msimu wa pekee haipo. Hata hivyo tafsiri hiyo si mbaya kama inavyodhaniwa. Katika nchi zinazoizunguka Bahari ya Mediterania kiangazi ni cha jua kali bila mvua, ardhi hukauka kabisa, kisha mvua za kwanza hurudi mwezi Septemba au Oktoba. Krokasi za vuli ni zile zinazoupokea mwisho wa ukame huo kwa maua. Anayeijua ardhi ya Nachingwea au Masasi ilivyo mwezi Oktoba, ngumu na yenye vumbi, kisha akaona mimea ya porini inavyochomoza mara tu mvua inapogusa udongo, ameshaelewa nusu ya habari.

Nusu ya pili ni kwamba komu ya krokasi huishi mwaka mmoja tu. Kila msimu mmea hutumia akiba ya komu ya zamani kutoa ua na kuanzisha majani. Majani hayo, membamba na yenye mstari mweupe katikati, hufanya kazi majira yote ya baridi na mvua, na chakula yanachokitengeneza hushuka chini kujenga komu mpya mgongoni mwa ile ya zamani. Ya zamani hunyauka na kubaki kisahani kikavu. Kwa kuwa mpya hukaa juu ya iliyotangulia, mmea ungejikuta umepanda hadi usoni mwa udongo baada ya miaka michache, kama usingekuwa na mizizi minene inayojikunyata na kuivuta komu kurudi chini. Pembeni huzaliwa pia vikomu vidogo, navyo ndivyo mtaji wa kuongeza mimea. Kutokana na mzunguko huu, majani ya krokasi hayakatwi yakiwa mabichi hata kama ua lilikwisha zamani, kwa sababu ile ile inayomfanya mkulima wa mihogo asichume kisamvu kupita kiasi.

Hapo ndipo linapojibika swali la ua kutangulia majani. Ua halihitaji majani ya mwaka huu, kwa kuwa limekwisha kulipiwa na majani ya mwaka uliopita. Baadhi ya krokasi za vuli hutoa ua na majani pamoja, lakini nyingine, kama Crocus speciosus na Crocus nudiflorus, huchanua katika udongo mtupu, na majani hungoja hadi baadaye, hata majira ya kuchipua. Kinachoonekana kama kikonyo cha ua ni mrija wa petali zenyewe. Ovari ya ua imebaki chini ya ardhi, salama dhidi ya baridi, na tunda huinuka juu miezi kadhaa baadaye mbegu zinapokomaa.

Mama mmoja jirani yangu wa Shangani, Mtwara mjini, aliletewa komu kumi za zafarani na nduguye anayefanya kazi ng'ambo. Alizihifadhi vizuri, akazipanda mwezi Desemba mvua za kupandia ziliponyesha, kama anavyopanda mahindi, kwenye tuta lililotiwa samadi. Yalitoka majani machache. Ua halikutoka hata moja, na kufikia Machi komu zote zilikuwa zimeoza. Alidhani ameuziwa mbegu mbovu, nami naamini komu zake zilikuwa nzima.

Komu ya zafarani inapolala kiangazini haijakaa bure. Ndani yake, joto likiwa kati ya nyuzi 23 na 27 za Selsiasi, chipukizi la ua hujiumba likiwa bado dogo mno kuonekana. Joto hilo tunalo Mtwara. Ila ili ua hilo lichomoze, joto lazima lishuke hadi nyuzi kama 15 hadi 17, na hata usiku wa Julai joto la Mtwara mjini hukaribia nyuzi 20 tu, wakati Desemba ni miongoni mwa miezi ya joto zaidi. Ua lililoumbwa likangojea baridi isiyokuja hunyauka ndani ya komu. Samadi mbichi na mvua ya mfululizo hufanya yaliyobaki, kwa sababu ukungu wa kuozesha hupenda komu iliyo katika udongo mzito, wenye joto na usiopitisha maji. Mtu wa uwanda wa Makonde, huko Newala, ana hewa ya baridi zaidi na anaweza kujaribu kwa matumaini makubwa kidogo, lakini kwa mtu wa pwani njia ya kweli ni chungu kinachohamishwa: kiangazi mahali pakavu kivulini, kisha chumba kinachopozwa hadi maua yatoke, kisha mwanga mwingi na ubaridi kwa ajili ya majani. Ni gharama, na siwezi kumshauri mtu aifanye kwa kutegemea kuuza.

Krokasi adimu za vuli hudai uangalifu huo huo, na zaidi. Crocus goulimyi, ya rangi ya zambarau nyepesi, huota kusini mwa Peloponnese nchini Ugiriki, mara nyingi katika mashamba ya mizeituni, na haikupewa jina la kisayansi hadi mwaka 1955. Crocus mathewii ya kusini magharibi mwa Uturuki, nyeupe yenye koo la zambarau iliyokolea, ilielezwa mwaka 1994. Wanaozikuza huzipanda mwishoni mwa kiangazi cha kwao, kina cha sentimita 7 hadi 10, katika vyungu vya udongo wa kuchoma vyenye mchanganyiko wa udongo na changarawe karibu nusu kwa nusu. Humwagilia mara ya kwanza mwezi Septemba, na majani yanapogeuka manjano huacha maji hadi msimu ujao. Mbolea yenye naitrojeni nyingi huepukwa, potasiamu hupendelewa. Panya ni adui mkubwa wa komu kila mahali. Kanuni ya kukausha ina mpinzani wake, Crocus banaticus wa Romania na jirani zake, anayeota kwenye misitu na nyasi zenye unyevu, naye akikaushwa kabisa hudhoofu. Wengi wa adimu hawa huzaa mbegu, na huko ndiko kuliko na heri, kwani kung'oa komu porini humaliza makundi ambayo eneo lao lote ni mlima mmoja au miwili. Mbegu huchukua miaka mitatu au zaidi kutoa ua. Anayeagiza komu au mbegu kutoka nje anapaswa kupata kibali cha kuingiza mimea kutoka Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu Tanzania, pamoja na cheti cha usafi wa mimea kutoka nchi inakotoka.

Lipo jambo moja la hatari. Kuna mmea mwingine, kolkikamu, unaochanua vuli bila majani, wenye ua linalofanana na krokasi na unaouzwa kwa Kiingereza kwa jina la krokasi ya vuli, ilhali si krokasi. Una kolkisini, dawa ya jongo kwa kipimo cha daktari na sumu ya kuua ukizidi, na haina kiuasumu kinachopatikana kwa kawaida. Ndugu yake tunaye hapa porini: Gloriosa superba, mtambaazi wenye petali nyekundu na njano zilizopinda kurudi nyuma kama ndimi za moto, ambao kiazi chake kina kolkisini hiyo hiyo na hakipaswi kamwe kuchanganywa na viazi pori vinavyoliwa, kama ming'oko. Kutofautisha ua la krokasi na la kolkikamu hakuhitaji darubini. Fungua ua na uhesabu stameni, zile nyuzi zenye chavua: krokasi ina tatu, kolkikamu ina sita.