Kupiga mto hakuondoi hasira

Wengi wanaoletwa na hasira kwenye kliniki yetu ya saikolojia hawaji kwa hiari. Mke ametishia kurudi kwao, au mwajiri ameshatoa barua ya onyo. Na karibu wote wameshapewa dawa ya mtaani: piga mto, piga kelele, itoe yote, utapoa.

Hupoi. Mwaka 2002 mtafiti Brad Bushman wa Marekani aliwapa watu waliokwisha kuudhiwa begi la mazoezi ya ngumi. Waliolipiga huku wakimfikiria aliyewaudhi waliishia na hasira kali kuliko waliokaa tu kimya. Mapitio ya tafiti 154 yaliyotoka mwaka 2024 yakakazia hapo: kinachosaidia ni kuutuliza mwili, si kuuchemsha.

Sisi huanza na daftari. Kila hasira inapompanda, mteja anaandika kilichotokea, mwili ulivyokuwa na kilichompitia akilini. Chukua dereva wa bodaboda aliyechomekewa na gari pale Ubungo akashuka kutukana. Ataandika kwamba gari ndilo lililomkasirisha. Tukirudi naye taratibu, tunakuta kabla ya tusi alijiambia: "Ananidharau kwa sababu nina pikipiki." Kazi yetu iko hapo. Je, mwenye gari alimwona kweli? Hatumwambii kwamba amekosea, maana huenda kweli alidharauliwa. Tunataka aisikie kauli hiyo kabla haijamshusha kwenye pikipiki.

Mwili nao hutangulia kutoa taarifa: taya linakaza, masikio yanapata moto, moyo unakwenda mbio. Akishazijua dalili zake, anajifunza kutoa pumzi polepole kuliko anavyoivuta, au kutoka nje kidogo. Lakini aage: "Natoka nipoe, nitarudi tuongee." Ukiondoka kimya, mwenzako anaona umemsusia. Kisha tunaigiza tukio lenyewe. Mimi huwa mwenye gari, na simwonei huruma.

Kidonge cha hasira hakuna. Hata hivyo tunauliza kuhusu usingizi, pombe na huzuni ya muda mrefu, kwa sababu sonona kwa wanaume mara nyingi hujitokeza kama ukali.

Kama nyumbani kwako kuna kipigo, usisubiri mwenzako amalize tiba. Nenda kwanza Dawati la Jinsia na Watoto kwenye kituo cha polisi.