Je, wajua uzushi wa Wayahudi na damu ya watoto uliingiaje Uarabuni?

Usiku mmoja wa Ramadhani, baada ya tarawehe, mjomba wangu alinipa simu yake nitazame video aliyotumiwa kwenye kundi la WhatsApp. Ilikuwa kipande cha tamthilia ya Kiarabu. Chumba cha giza, wazee wa ndevu ndefu, mtoto wa kiume ameshikwa mikono na miguu, kisu, na chombo cha kukingia damu. Kisha ukaja unga, na baada ya unga mkate. "Hiyo ndiyo mila yao," mjomba alisema, "na Waarabu wanaijua tangu enzi za mababu."

Sikumbishia, kwa sababu hata mimi niliamini nusu ya maneno yake. Sikuamini kwamba Wayahudi huchinja watoto. Niliamini kwamba hadithi yenyewe ni ya Waarabu: ya kale, iliyozaliwa kwao pamoja na ugomvi wao na Wayahudi, ikarithiwa kizazi hadi kizazi. Miaka mingi nilikwenda na imani hiyo, na nimewasikia wasomi na watu wa kawaida wakiirudia, Waislamu na Wakristo.

Si kweli. Hadithi hiyo ilizaliwa Uingereza. Mwaka 1144 mvulana aitwaye William alikutwa amekufa msituni karibu na mji wa Norwich. Miaka kadhaa baadaye mtawa mmoja, Thomas wa Monmouth, akaandika kitabu akidai Wayahudi wa mji huo walimuua mtoto kwa ibada. Kutoka hapo uzushi ukasambaa Ufaransa, nchi za Wajerumani, Italia. Kiungo cha damu na mkate wa Pasaka ya Wayahudi kiliongezwa njiani. Mjini Trent, Italia, mwaka 1475 Wayahudi waliteswa na kuuawa kwa sababu ya kifo cha mtoto mdogo aitwaye Simon, na mtoto huyo akaheshimiwa kama mtakatifu mpaka Kanisa Katoliki lilipofuta ibada yake mwaka 1965. Mambo haya yote yalitokea Ulaya, kati ya Wakristo, karne nyingi kabla taifa la Israeli la leo halijatajwa na mtu yeyote.

Na nchi za Waislamu karne hizo? Hapa sitaki kupaka rangi. Wayahudi waliishi chini ya mkataba wa dhimma: wakilindwa, lakini kama watu wa daraja la chini, wakitoa kodi ya jizya na kufuata masharti ya mavazi na ujenzi. Wakati mwingine ulinzi huo ulivunjika. Mwaka 1066 Wayahudi wa Granada waliuawa kwa wingi. Mwaka 1438 wale wa Fez walihamishiwa mtaa wao wenyewe, mellah. Dharau ilikuwepo, na aya na hadithi za kuitetea zilitafutwa. Lakini picha ya Myahudi katika dharau ile ilikuwa ya mtu dhaifu na mnyonge. Hakuwa mchinja watoto, wala hakuwa mtawala wa siri wa dunia. Tuhuma za damu zilipozuka ndani ya dola ya Uthmaniya, kwa kawaida walalamikaji walikuwa majirani Wakristo, na katika karne ya 16 Sultani Suleiman aliamuru kesi za namna hiyo zisiamuliwe na kadhi wa mtaani bali zipelekwe kwenye baraza lake.

Basi hadithi ilivukaje bahari? Njia yake inafuatika hatua kwa hatua, na hatua iliyo wazi kuliko zote ina tarehe: 5 Februari 1840, Damascus.

Siku hiyo padri wa Kikapuchini kutoka Sardinia, aliyejulikana mjini kama Padre Thomas, alitoweka pamoja na mtumishi wake, Ibrahim Amara. Syria wakati huo ilikuwa mikononi mwa Muhammad Ali Pasha wa Misri, na watawa Wakatoliki walikuwa chini ya ulinzi wa Ufaransa. Konsuli wa Ufaransa, Ratti-Menton, akaishika tuhuma kwamba Wayahudi wamemchinja padri wapate damu ya mkate wa Pasaka, akaisukuma kwa gavana, Sharif Pasha.

Akakamatwa kinyozi Myahudi, Solomon Negrin. Alichapwa, akateswa, akaahidiwa salama yake akisema. Akasema. Akataja matajiri na viongozi wa jamii yake. Nao wakakamatwa, wakapigwa. Watoto wa Kiyahudi zaidi ya 60 walizuiliwa ili wazazi wao waseme. Wazee kadhaa walifia mateso, na mmoja, Moses Abulafia, akasilimu ili apumzishwe. Mifupa ikaopolewa kwenye mfereji wa mtaa wa Wayahudi, ikazikwa kanisani chini ya jiwe lililochongwa maneno kwamba padri ameuawa na Wayahudi. Nani hasa alimuua Padre Thomas, hajajulikana hadi leo.

Watu wa pwani na bara la Afrika Mashariki hatuna haja ya kufundishwa jambo hili kwa mbali, maana sisi wenyewe tumekuwa na mumiani. Wazee wetu enzi za ukoloni waliamini kwamba wazimamoto, wenye gari lao jekundu na mipira yao ya maji, hukamata watu usiku na kuwafyonza damu ya kutengenezea dawa. Tazama hadithi ya mumiani inavyofanya kazi. Haingoji ushahidi, inamngoja mtu apotee. Kijana akitoka kwao jioni asirudi, hakuna anayeuliza "kuna nini?" bali "gari lilipita saa ngapi?" Jibu lilikuwepo kabla ya swali, kama kanzu iliyoshonwa tayari ikamsubiri wa kuivaa. Padre Thomas alipotoweka, konsuli alikuwa na kanzu hiyo sandukuni, ameileta kutoka kwao.

Lakini kuna tofauti moja, na hiyo ndiyo iliyonifungua macho. Mumiani ilibaki midomoni. Hadithi ya Damascus iliandikwa mahakamani.

Fikiria nguo ya mtumba. Imeshonwa mbali, kwa mwili wa mtu mwingine. Inafika ndani ya robota, fundi anaikata mikono, anabadili vifungo, anashona lebo mpya. Baba anaivaa kwenye harusi, anapigwa nayo picha. Mwanawe akiikuta kabatini miaka 40 baadaye ataapa kwamba ni nguo ya ukoo, na picha ataionyesha. Hadithi ya damu ilipitia kwa mafundi wa namna hiyo. Mateso yalizaa maungamo. Maungamo yakaandikwa katika kumbukumbu za kesi. Kumbukumbu zikachapishwa kwa Kifaransa mjini Paris mwaka 1846. Mwaka 1899 zikatafsiriwa kwa Kiarabu, Cairo, ndani ya kitabu kimoja na maandishi ya Mjerumani aliyekuwa akiwachukia Wayahudi. Kuanzia hapo msomaji wa Kiarabu hakuwa akisoma ngano ya Wazungu tena. Alikuwa akisoma "kesi iliyotokea kwetu, Damascus, washitakiwa wakakiri." Maneno aliyoyasema kinyozi ili mjeledi usimame yakawa hati.

Mwaka 1983 Mustafa Tlass, waziri wa ulinzi wa Syria, alitoa kitabu chake kuhusu kesi ileile, akiisimulia kama jambo lililothibitishwa. Na ile tamthilia ya simu ya mjomba? Ni Ash-Shatat, iliyotengenezwa Syria na kurushwa na Al-Manar, televisheni ya Hezbollah ya Lebanon, Ramadhani ya mwaka 2003. Kutoka msitu wa Norwich mpaka kochi la mjomba ni zaidi ya miaka 850.

Nguo ya pili ya mtumba ni maarufu zaidi: Itifaki za Wazee wa Sayuni, maandishi yanayodai kuwa kumbukumbu za kikao cha siri cha Wayahudi wakipanga kuitawala dunia. Yalianza kuchapishwa katika gazeti la St. Petersburg mwaka 1903. Mwaka 1921 Philip Graves, mwandishi wa gazeti la The Times aliyekuwa Istanbul, aliyaweka kando ya kitabu cha mwaka 1864 cha Mfaransa Maurice Joly, aya kwa aya. Joly alikuwa akimkejeli Napoleon wa Tatu, na hakuwataja Wayahudi kabisa. Mghushi alinakili tu maneno ya mhusika wa kitabuni aitwaye Machiavelli, akawapachika Wayahudi. Mwaka 1935 jaji wa Bern, Uswisi, akatamka kuwa ni ghushi. Wakati huo Kiarabu kilikuwa tayari kina tafsiri zake tangu miaka ya 1920.

Kwa nini tafsiri hizo, zilizoanza kwa wasomaji wachache, zilikuja kupata soko kubwa? Kwa sababu kulikuwa na jeraha. Mwaka 1948 Wapalestina wapatao 700,000 walipoteza makazi yao, na majeshi ya nchi kadhaa za Kiarabu yakashindwa na dola changa ya Israeli. Mwaka 1967 yakashindwa tena, kwa siku sita. Serikali zilizoahidi ushindi zilitakiwa kuwaeleza watu wao kilichotokea. Kukubali kwamba jeshi lilipangwa vibaya, au kwamba rais alidanganya redioni, ni kazi ngumu. Itifaki zilitoa maelezo mepesi: hatukushindwa na nchi ndogo, tumeshindwa na mkono unaoendesha ulimwengu mzima. Mwaka 1951 tafsiri mpya ilitoka Cairo. Mwaka 1958 Gamal Abdel Nasser mwenyewe alimshauri mwandishi wa habari wa Kihindi azisome Itifaki. Mkataba wa Hamas wa mwaka 1988 unazitaja kwa jina, katika ibara ya 32. Mwaka 2002 televisheni za Misri zilirusha tamthilia ya Ramadhani, Faris bila Jawad, iliyojengwa juu ya Itifaki hizohizo.

Katikati ya safari hiyo kulikuwa na msukumo mwingine wa Ulaya. Kuanzia mwaka 1939 Ujerumani ya Hitler ilikuwa na redio ya Kiarabu, ikirusha kutoka Zeesen karibu na Berlin, mtangazaji wake maarufu akiwa Yunus Bahri wa Iraki. Redio hiyo iliingia majumbani na mikahawani hata kwa wasiojua kusoma. Ni vigumu kupima redio moja iligeuza mioyo mingapi, na siwezi kusema kwamba ndiyo iliyosababisha mauaji ya Baghdad ya tarehe 1 na 2 Juni 1941, ambapo Wayahudi karibu 180 waliuawa na majirani, askari na wahuni. Ninachosema ni kwamba waliouawa hawakuwa wageni. Familia zao zilikuwa Iraki tangu kabla ya Uislamu. Miaka kumi baadaye, kati ya 1950 na 1951, Wayahudi wapatao 120,000 waliihama nchi hiyo.

Naomba msomaji asinielewe vibaya hapa. Hasira ya Mpalestina aliyefukuzwa kijijini kwao, mwenye ufunguo wa nyumba isiyokuwepo tena, si uzushi wa Norwich. Ina shamba, ina jina la kijiji, ina mwaka. Haihitaji Wazee wa Sayuni ili iwe na haki ya kusikilizwa, na kila anayeichanganya na hadithi ya damu anaidhulumu. Hili wapo Waarabu waliolisema mapema na kwa sauti. Mwaka 2001 mkutano wa watu wanaokana mauaji ya Wayahudi chini ya Hitler ulipopangwa kufanyika Beirut, Mahmoud Darwish, Edward Said na Adonis walikuwa miongoni mwa wasomi 14 waliotia saini kuupinga, na serikali ya Lebanon ikauzuia. Ile tamthilia ya Misri ilipozua mjadala, Osama el-Baz, mshauri wa Rais Mubarak, aliandika kwenye gazeti la Al-Ahram kwamba Itifaki ni ghushi na hadithi ya damu ni ngano ya Ulaya. Machi 2002 gazeti la Al-Riyadh la Saudia lilichapisha makala iliyodai Wayahudi hutia damu kwenye vitafunio vya sikukuu, na siku chache baadaye mhariri wake mkuu akaikana hadharani.

Na mkate wenyewe? Mkate wa Pasaka ya Wayahudi ni unga na maji, basi, hauchachi. Sheria yao ya chakula inaikimbia damu kuliko wengi wanavyofikiri: nyama hulowekwa na kutiwa chumvi ili damu itoke, na yai likikutwa na doa la damu hutupwa. Kumwambia Myahudi anakula damu ni sawa na kusema Waislamu hufuturu kwa nyama ya nguruwe.

Nilirudi kwa mjomba na haya yote. Kesi, konsuli, Paris, Cairo, alinisikiliza kwa adabu tu. Kilichomgeuza kitini ni jambo la mwisho. Agosti 1840, baada ya viongozi wa Kiyahudi, Moses Montefiore wa Uingereza na Adolphe Crémieux wa Ufaransa, kumfuata Muhammad Ali hadi Misri, ilitoka amri wafungwa waliobaki hai waachiwe. Novemba mwaka uleule Sultani Abdülmecid, khalifa wa Waislamu, alitoa firmani, yaani amri ya Sultani, Istanbul. Ilisema kwamba wanazuoni wamevichunguza vitabu vya dini ya Wayahudi, wakakuta wamekatazwa vikali kutumia damu ya binadamu, na hata damu ya mnyama.

"Khalifa alisema hivyo?" mjomba akauliza. "Mwaka gani?"

Nikamtajia tena. Akachukua kalamu, akauandika nyuma ya kalenda ya msikiti.