Kiharusi: acheni kushusha presha kwa pupa

Wiki iliyopita imetokea tena. Mama wa miaka sitini na kitu ameletwa kutoka upande wa Sikonge, mdomo umepinda, mkono wa kulia umelegea. Kijana wake akanionyesha daftari la zahanati: saa nne asubuhi presha 196/104, "mkono unanyanyuka kidogo". Chini yake mtu ameandika nifedipini, dawa ya kushusha presha, imesagwa, chini ya ulimi. Nilipompima saa nane presha ilikuwa 112/68 na mkono haunyanyuki kabisa. Kijana akaniambia kwa matumaini, "Dokta, presha tumeshaiweka sawa."

Sawa kwa nani? CT skani, yaani picha ya ndani ya kichwa, haikuonyesha damu iliyovuja ubongoni. Mshipa ulikuwa umeziba.

Ubongo ni kama asilimia 2 tu ya uzito wa mwili, lakini unatumia karibu asilimia 20 ya oksijeni, na hauna ghala. Kila gramu 100 zake hupata takriban mililita 50 za damu kwa dakika. Donge la damu likiziba mshipa, katikati damu hushuka chini ya 10 na seli zinakufa. Pembeni kuna eneo linalopata 15 au 18. Hilo limenyamaza, halijafa. Mkono hauendi, ila seli zinazouendesha zingali hai kwa damu inayopenya kupitia vijimshipa vya kando, na kinachoisukuma damu hiyo ni presha. Kwa kawaida mishipa hujibana na kujitanua ili ubongo usihisi presha ikipanda au kushuka. Katika eneo hilo mishipa imeshajitanua hadi mwisho. Ukishusha presha, damu inashuka nayo palepale. Wakulima wa mpunga wa Nzega hunielewa haraka: maji yakipungua mferejini, jaruba la mwisho ndilo linakauka kwanza. Na aliyeishi miaka kumi na presha ya 170, mishipa yake imezoea huko juu. Kwake 112 ni njaa.

Kwa hiyo mwenye mshipa ulioziba, asiyepewa dawa ya kuyeyusha donge, siku ya kwanza tunaiacha presha yake hadi 220/120. Anayepewa dawa hiyo, ndani ya saa 4 na nusu, lazima awe chini ya 185/110. Aliyevuja damu tunamshusha mapema. Huwezi kuwatofautisha kwa kuangalia mdomo. Utafiti wa INTERACT4 wa China, uliotoka 2024, ulishusha presha ndani ya gari la wagonjwa kabla ya skani: waliovuja damu walinufaika, walioziba mishipa waliumia. Dawa ni ileile.

Niseme wazi: siwezi kuapa kwamba kidonge kile ndicho kilichouchukua mkono wa mama huyu. Viharusi vingine huendelea kukua vyenyewe. Hata ile 220 ni makubaliano ya wataalamu zaidi kuliko ushahidi mzito, na utafiti wa CATIS wa 2014 ulionyesha kushusha kwa kiasi, taratibu, hakukuokoa wala hakukuangamiza. Ninachokikataa ni kuporomosha.

Na sukari. Pimeni sukari ya damu kidoleni kabla ya chochote, kwa sababu ikishuka chini ya milimoli 3.3 kwa lita inaiga kiharusi kabisa, na hapo glukosi ndiyo tiba. Lakini kumtundikia kila mgonjwa dripu ya glukosi "apate nguvu" ni kosa. Seli zilizonyimwa oksijeni zikimiminiwa sukari zinatengeneza asidi, na eneo lililonyamaza linakufa upesi. Asali yetu ya Tabora naipenda, ila kwa asiyeweza kumeza inaingia mapafuni. Wala msikimbilie kuibana sukari kwa insulini: utafiti wa SHINE wa 2019 ulionyesha kuibana sana hakuongezi kupona, kunaongeza tu wanaoshuka kupita kiasi. Tunalenga kati ya 7.8 na 10.

Mama tulimsimamishia vidonge, tukaweka dripu ya chumvi. Jioni presha ilikuwa 154. Asubuhi vidole viwili vilicheza, mkono bado. Kijana akauliza kama atupe dawa zote za presha zilizoko nyumbani. Hapana, mwanangu. Mama atazirudia siku chache zijazo, kwa kumeza, na ndizo atakazotumia maisha yake yote.