Ukaguzi wa fomu kwenye kivinjari hautoshi

Wengi wanaojenga programu ndogo za wavuti huamini kwamba fomu ikishakaguliwa kwa JavaScript, au kwa sifa za HTML kama required na max, data mbovu haiwezi kufika kwenye seva. Imani hiyo inaeleweka: ukituma fomu tupu, kivinjari kinakuzuia palepale.

Lakini ukaguzi huo unafanyika kwenye kompyuta ya mtumiaji, naye anaweza kuubadilisha. Jaribu kwenye programu yako mwenyewe. Bonyeza F12 kufungua zana za wasanidi za kivinjari, tafuta kisanduku cha idadi chenye max="10", futa sifa hiyo, andika 5000, kisha tuma. Tazama ombi lililotumwa kwa seva kwenye kichupo cha Network cha zana hizo, halafu angalia hifadhidata. Kama 5000 imeingia, seva haikagui kikomo hicho. Amri ya curl, inayotuma maombi ya wavuti bila kivinjari, haihitaji hata ukurasa wenyewe. Inatuma ombi la POST, yaani ombi linalobeba data, moja kwa moja kwa seva.

Ukaguzi wa kivinjari usiuondoe, maana unamwonyesha mtumiaji kosa mapema. Rudia kanuni zilezile kwenye seva, na data mbovu ikataliwe kwa jibu la 400 au 422, ambazo ni namba za HTTP za ombi lenye kosa. Na bei, hasa bei, isisomwe kamwe kutoka sehemu iliyofichwa ya fomu: seva iitafute yenyewe kwenye hifadhidata kwa namba ya bidhaa.