Hamasa haiji, anza na dumu la mafuta

"Najua cha kufanya, ila sijapata motisha." Anayesema hivi kapanda daladala mbili, kakaa foleni asubuhi nzima, kalipia na kumwona mtaalamu wa lishe ili apungue uzito. Kama hiyo si motisha, sijui aitafute wapi. Anachosubiri ni ule mzuka wa Januari, wa raba mpya na kumtangazia kila mtu, udumu hadi Desemba. Haudumu kwa yeyote. Waliopungua wakakaa hivyo nao wana siku nyingi za uvivu kama wewe, ila nyumbani kwao chupa ya soda haipo.

Sababu ya tarehe, yaani kupungua kwa ajili ya siku fulani, ndiyo inayoniudhi zaidi. Harusi ya mdogo wake imebaki wiki sita, sare imeshashonwa, na anataka iingie. Anaacha wanga kabisa, wiki ya kwanza anashuka kilo tatu, anaupiga picha mzani. Sehemu kubwa ya kilo hizo ni maji. Gramu moja ya glaikojeni, yaani wanga ambao mwili umeuhifadhi kwenye misuli na ini, hukaa na takriban gramu 3 za maji, hivyo ukikata wanga, glaikojeni inatumika na maji yanaenda na mkojo. Inatosha sahani mbili za pilau wikiendi, Jumanne mzani umepanda, na mtu anatangaza kwamba motisha imemwishia. Motisha yake aliitundika kwenye mzani, na mzani umemdanganya mara mbili: alipofurahi na alipolia.

Kwa hiyo pima hivi: asubuhi, baada ya choo, kabla ya chai, mzani ukiwa kwenye sakafu ngumu wala si juu ya zulia. Usisome namba ya siku moja. Chukua wastani wa siku saba, maana chumvi ya jana, choo kigumu au siku za hedhi huweza kusogeza namba kilo moja au mbili bila mafuta yoyote kuongezeka. Kisha chukua futi kamba ya fundi cherehani, uipitishe kati ya ubavu wa mwisho na mfupa wa nyonga, upumue nje, usivute tumbo ndani. Kiuno kisifike nusu ya urefu wako: mwenye sm 164 abaki chini ya sm 82.

Sasa dumu. Ugali unasingiziwa kila siku, lakini hakuna anayepima mafuta. Dumu linainamishwa juu ya sufuria mpaka mkono wenyewe useme basi. Kijiko kimoja kikubwa kina kalori kama 120, na lita nzima inapita 8,000. Siku unapolifungua, andika tarehe ubavuni kwa maka peni. Nyumba ya watu wanne ikimaliza lita 3 kwa wiki, kila mmoja anakula karibu kalori 900 za mafuta kwa siku kabla hujagusa tonge. Jumapili mimina lita 2 pembeni, hizo ndizo za wiki. Ukizoea, shuka hadi lita moja na nusu, kisha moja. Mpango huu hufia Alhamisi, mafuta ya pembeni yanapoisha na mpishi akarudi kwenye dumu kimyakimya. Mara nyingi mpishi si wewe. Ni mkeo, dada wa kazi au mama mkwe, na hakuna aliyemshirikisha. Kuzungumza na mama mkwe juu ya mafuta ni kazi kuliko kukimbia kilomita tano, nakubali.

Kutembea: dakika 150 kwa wiki, zigawe upendavyo. "Nitaongeza mazoezi" si mpango. "Jumatatu, Jumatano na Ijumaa nashuka vituo viwili kabla ya changu, mvua ikinyesha napanda ngazi za ofisini" ni mpango.

Na ile habari ya siku 21 za kujenga mazoea, tuiache. Utafiti wa University College London uliochapishwa 2010 ulifuatilia watu 96 waliojaribu vitu vidogo tu, kama kunywa maji wakati wa chakula cha mchana. Kati ya 39 ambao takwimu zao zilikubali hesabu hiyo vizuri, nusu walihitaji siku 66 au zaidi, na makadirio yalianzia 18 hadi 254. Kuruka siku moja hakukuharibu kitu, kwa hiyo aliyekula chips mayai jana hana haja ya kusubiri Jumatatu.

Yako mambo tunayoyasema kwa uhakika kuliko tulionao. Hesabu ya kalori 7,700 kwa kilo moja ya mafuta ya mwili inapendeza kwenye karatasi. Baada ya miezi michache mwili mdogo unatumia kidogo, njaa inapanda, na ule mwendo wa kushuka nusu kilo kila wiki unakoma hata kwa mtu mwaminifu. Kwa nini wawili wanaofuata jambo lilelile mmoja ashuke kilo kumi na mwingine mbili, siwezi kukwambia kabla hawajaanza. Na wapo waliopungua kwa ajili ya sare na hawakurudi tena, wananiharibia hoja yangu yote.

Unayechoma insulini au kumeza glibenklamaidi, vidonge vya kisukari, usipunguze chakula kabla daktari hajaangalia dozi. Sukari ikishuka usiku ni hatari kuliko kitambi. Wengine, maka peni zipo duka la vitabu.