Mzigo wa seli haupiti ndani ya mikrotubuli

Nimechoka kusikia kwamba mikrotubuli, zile nyuzi ndefu za protini ndani ya seli, ni mabomba, eti mizigo hupita ndani yake. Haipiti humo.

Kwa kifupi: kinesini na dainini ni protini zinazotumia nishati ya ATP (molekuli inayobeba nishati ya seli) kutembea juu ya mikrotubuli huku zimebeba mizigo, kama vile mitokondria au vifuko vya kemikali. Kinesini ina miguu miwili (wataalamu, kwa sababu zao, huiita vichwa) inayopokezana. ATP moja, hatua moja ya nanomita 8 (nanomita ni sehemu moja ya milioni ya milimita).

Tuje kwenye hilo bomba. Ni kweli mikrotubuli ina uwazi katikati, na hapo ndipo watu wanapopotea. Upana wake wote ni nanomita 25, na uwazi wenyewe ni kama 15. Sasa kifuko cha kemikali mwishoni mwa neva, ambacho ni katika mizigo midogo, kina upana wa karibu nanomita 40. Mitokondria ndiyo usiseme, ni mamia ya nanomita. Vitapenyaje? Mzigo uko nje, umeshikwa na mkia wa protini, na miguu inakanyaga ukuta wa nje. Ukuta huo umejengwa kwa jozi za protini iitwayo tubulini, kila jozi ina urefu wa nanomita 8. Ndiyo maana hatua ya kinesini ni nanomita 8 na si 5 wala 10.

Halafu kuna suala la mwelekeo. Mwaka 1985, Ronald Vale na wenzake kule Woods Hole, Marekani, walipochunguza neva nene za ngisi na kuitambua kinesini, mizigo ilionekana ikipishana juu ya uzi uleule, huu ukienda huku na ule kule. Bomba gani hilo ambalo maji yake yanapishana? Mikrotubuli ina ncha chanya na ncha hasi. Kinesini nyingi huelekea chanya, dainini hasi. Kwenye aksoni, yaani mkono mrefu wa seli ya neva, ncha chanya hutazama mwisho wa neva, kwa hiyo kinesini hupeleka na dainini hurudisha. Virusi vya kichaa cha mbwa, vikishaingia kwenye neva za mguu ulioumwa, hudandia safari hiyo ya kurudi hadi kwenye uti wa mgongo.

Basi mwalimu, ukichora ubaoni, mzigo uweke nje, na mishale iwe miwili.