Je, meli ikishaingia Mfereji wa Suez inaweza kugeuza na kurudi ilikotoka?

Ikiwa ndogo, pengine. Meli kubwa za makontena za siku hizi hufikia mita 400 kutoka omo (ncha ya mbele) hadi tezi (sehemu ya nyuma), na sehemu kubwa ya mfereji ule haina upana huo. Tarehe 23 Machi 2021 dunia nzima ilishuhudia: meli ya makontena Ever Given ilikaa mshazari, omo ikazama ukingo wa mashariki, tezi ikaziba upande wa magharibi, na njia ikafungwa kwa siku sita. Ilinasuliwa kwa tagi (boti za kuvuta na kusukuma meli), kuchimbua mchanga na kusubiri maji ya bamvua, yaani maji kujaa kupita kawaida. Hata baada ya hapo haikurudishwa Suez, ingawa mlango wa kusini ulikuwa kilomita chache tu nyuma yake. Ilivutwa mbele, kaskazini, hadi Ziwa Great Bitter, lililo kwenye njia ya mfereji, ikakaguliwe.

Kwa hiyo kanuni za mfereji zimetungwa ili haja ya kugeuza isitokee kabisa. Meli huenda kwa misafara, zikifuatana kwa nafasi maalumu, mwendo wa pole, na haziruhusiwi kupitana. Rubani wa Kimisri, yaani mwelekezi wa meli anayeijua njia, lazima awe melini. Mara nyingi hupanda pia mabaharia wa huko na boti zao ndogo, wakae tayari kupeleka kamba ukingoni meli ifungwe ikibidi. Injini ikizima, chombo kinafungwa hapo hapo au kuvutwa, na wa nyuma wanasubiri.

Basi meli hugeuzwa wapi? Kwenye ziwa, au kwenye bwawa lililochimbwa kwa kazi hiyo. Houston, Marekani, wanalo mwishoni mwa mfereji wao. Wahandisi hupenda bwawa la namna hiyo liwe na kipenyo cha karibu mara mbili ya urefu wa meli. Huo ni ubahili mkubwa, maana baharini, meli ikigeuka kwa usukani wake yenyewe, huhitaji nafasi ya mara kadhaa ya urefu wake. Usukani hushika pale tu maji yanapopita kwa kasi; meli ikienda taratibu, usukani hauna nguvu. Ndiyo maana tagi moja huvuta omo kushoto huku nyingine ikisukuma tezi kulia, rubani akiwaelekeza kwa redio, na meli huzunguka karibu palepale. Inayochungwa zaidi ni tezi: ndiko iliko rafadha (panga linalosukuma meli), na ikigusa kina kifupi, gharama yake haisemeki.

Bandari nazo zina hitaji hilo hilo, mfereji uwepo usiwepo. Mradi wa kuboresha Bandari ya Dar es Salaam ulijumuisha kuongeza kina na upana wa lango la kuingilia, pamoja na eneo la kugeuzia meli. Gati refu bila eneo hilo lisingepokea meli kubwa hata moja.